Mkuu wa Msafara

Ukitaka kumjua kiongozi wa msafara wa Kilimanjaro, mtazame getini, kabla hajapanda hata hatua moja. Kwenye geti la Machame, mnamo saa nne asubuhi, wageni wanaandika majina kwenye kitabu cha hifadhi na kupiga picha chini ya kibao. Kazi yenyewe inafanyika upande wa pili, kwenye mizani. Mahema, mitungi ya gesi, viti vya kukunja, viazi, trei za mayai, mabegi ya wageni: vyote vinapimwa kimoja kimoja, na kila mpagazi amesimama karibu na mzigo wake akiangalia namba. Kikomo ni kilo 20. Mzigo ukizidi, kitu kinatolewa na kupewa mwingine, au anaitwa mtu wa ziada miongoni mwa vijana wanaosubiri nje ya geti wakitumaini kupata kazi siku hiyo.

Asiyejua ataona zogo tu. Mkuu wa msafara anafanya hesabu mbili kwa pamoja, ya vitu na ya watu. Mtungi wa gesi ni mzito lakini hautikisiki. Hema la kulia chakula ni refu, litagongana na matawi msitu mzima. Mayai ni mepesi, lakini yanamnyima mbebaji mkono mmoja kutwa nzima. Kijana anayepanda mara ya kwanza hapewi mayai. Anapewa mzigo usiovunjika, kisha anapangwa nyuma ya mgumu wa miaka mingi atakayemwonyesha namna ya kuweka kata kichwani na mahali pa kupumzikia. Wagumu ndivyo wapagazi wa mlima huu wanavyoitana.

Hesabu hiyo haiishii getini. Aliyebeba chakula atazidi kupata nafuu kila siku, maana chakula kinaliwa. Aliyebeba hema huenda akazidi kuumia, maana hema lililonyeshewa usiku halina tena uzito wa jana. Mkuu mzembe anaacha ugawaji wa siku ya kwanza uendelee mpaka mwisho. Mkuu makini anagawa upya kila asubuhi, wote wakiona. Hilo la wote kuona lina uzito wake. Watu huvumilia mzigo mzito, lakini wakihisi kuna upendeleo, msafara unaanza kuvunjika kimyakimya tangu siku ya pili.

Mambo ya uongozi wa timu yameandikwa sana, na mara nyingi yanaandikwa kwa maneno makubwa: maono, ushawishi, hamasa. Kwenye mlima huu maneno hayo yanageuka kuwa kazi za mikono ambazo mtu anaweza kusimama pembeni akazitazama. Wageni wanne tu wanaweza kuandamana na watu 15 au zaidi: mkuu wa msafara, waongozaji wasaidizi, mpishi, weita na wapagazi. Wataishi pamoja siku tano mpaka nane, wakitoka kwenye msitu wa mvua mpaka kwenye mita 5,895, ambako mtu anapata karibu nusu tu ya oksijeni anayoipata pwani. Huko juu, usiku, katika baridi, mtu mmoja atalazimika kutoa amri ambayo mwenzake hataki kuisikia. Ninachokistaajabia ni jinsi amri hiyo inavyoandaliwa siku nyingi kabla, kwa vitu vidogo ambavyo hakuna anayevipiga picha.

Anza na mwendo. Kila mgeni wa Kilimanjaro anajifunza neno polepole kabla hajajua kuomba maji, na wengi hulichukulia kama utani wa mlimani. Lakini kuweka mwendo ni ufundi unaochukua miaka. Msaidizi anayetangulia haendi kwa nguvu zake, anaenda kwa pumzi za aliye dhaifu kuliko wote, naye anaweza kuwa mtu wa saba nyuma yake. Hageuki kila mara kumtazama, anasikiliza. Kundi linalopiga soga liko sawa. Maneno yakianza kukatika, mwendo umezidi. Wote wakinyamaza, kuna mtu anateseka, na mwendo unapunguzwa bila kutangaza ni kwa ajili ya nani. Hapo pana adabu kubwa: dhaifu anahifadhiwa bila kuaibishwa mbele ya wenzake.

Wakati huo mkuu mwenyewe hana nafasi moja. Asubuhi yuko nyuma, mchana yuko katikati, jioni ametangulia kambini kuangalia mahema yamesimamishwa wapi. Anayeongoza akiwa mbele siku zote anaona njia tu, na njia anaijua tayari. Asichokijua ni nani leo amefunga kamba za viatu mara nne, nani ameacha kuuliza majina ya maua, nani anakunywa maji kwa kujilazimisha.

Halafu kuna maswali ya jioni. Watu wa kwetu tumelelewa kujibu salamu kwa heri. Mtu mwenye homa akiulizwa hujambo, atasema sijambo, kisha ndipo aanze kueleza anavyoumwa, ikiwa ataeleza. Wageni wa ng'ambo nao wana yao: wamelipa fedha nyingi, wanaogopa kurudishwa, kwa hiyo wakiulizwa kama wako sawa watajibu wako sawa. Mkuu anayejua kazi hapotezi muda na swali hilo. Anauliza kichwa kinauma kiasi gani, kutoka moja mpaka kumi. Anauliza umeamka mara ngapi usiku, umekwenda chooni, umekula nini mchana na umekiacha nini. Anafunga kipimo cha oksijeni kidoleni na kuandika namba, lakini haiabudu namba hiyo, kwa sababu vidole vikiwa baridi kipimo kinaweza kudanganya. Analinganisha majibu ya leo na ya jana, na ya mtu huyo na uso wake.

Kisha anakwenda jikoni. Weita amekusanya sahani, kwa hiyo anajua ukweli ambao mgeni hakuusema: yule aliyejisifu kwamba ana hamu ya kula ameirudisha supu nzima. Mpagazi aliyebeba begi la mgeni mwingine amemwona akitapika nyuma ya jiwe. Habari muhimu za msafara huwa ziko kwa watu wenye vyeo vidogo. Swali ni kama zitapanda. Zinapanda kwa mkuu anayekaa kwenye hema la jikoni, akashika kikombe cha chai na kusikiliza masimulizi yasiyo na maana kwa nusu saa, mpaka lile lenye maana litoke lenyewe. Kwa mkuu anayefokea watu, hazipandi. Zinabaki jikoni hadi siku ya ajali.

Kinacholeta hatari zaidi ni mpagazi anayeficha ugonjwa wake mwenyewe. Urefu wa mlima hauchagui. Mzaliwa wa Marangu naye anaweza kupata maji kwenye mapafu. Lakini kijana anayeamini kwamba akisema naumwa atateremshwa bila malipo na hataitwa tena, atafunga kinywa na kubeba. Kwa hiyo mkuu mwenye busara hutangaza mapema, mbele ya wote, kwamba atakayeugua na kusema atashuka na mtu wa kumsindikiza na siku zake zitalipwa. Halafu, na hapa ndipo penye kazi, siku hilo linapotokea anaitimiza ahadi. Ahadi ya namna hiyo ikivunjwa mara moja, mlima mzima unajua kabla ya wiki kuisha.

Historia ya mlima wenyewe nayo inaonyesha jinsi uamuzi wa juu unavyoandaliwa chini. Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig, alipanda mwaka 1887 akafika kwenye barafu ya Kibo, asiweze kuendelea. Mwaka 1888 hakuufikia hata mlima: vita vya Abushiri vilikuwa vimelipuka, akakamatwa pamoja na mwenzake Oscar Baumann, wakaachiliwa kwa kulipa fidia. Mwaka 1889 alirudi na Ludwig Purtscheller, mpanda milima hodari kutoka Austria. Safari hiyo vifaa vilikuwa bora, lakini badiliko kubwa lilikuwa la mpango. Waliweka kambi za ngazi kwa ngazi, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula kutoka Marangu kila baada ya siku chache. Kwenye kambi ya juu alikaa nao Mwini Amani, mtu wa Pangani, akipika na kuitunza kambi katika baridi ambayo mtu wa pwani hakuwahi kuiota. Na Marangu wanamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye kijana aliyewaongoza njia.

Tarehe 3 Oktoba Meyer na Purtscheller walifika kwenye ukingo wa kreta wakiwa hoi, siku ikiwa imekwenda. Wakageuka. Walishuka, wakala, wakalala, wakasogeza kambi karibu zaidi, na tarehe 6 Oktoba wakasimama kileleni. Vitabu vinasifu siku ya tarehe 6. Mimi naisifu ile ya tarehe 3. Waliweza kugeuka kwa sababu kugeuka hakukuwa mwisho wa safari: chini kulikuwa na moto, chakula na mtu aliyewangoja. Kiongozi asiye na akiba nyuma yake hulazimika kusonga mbele hata pale akili inapomwambia asimame. Ujasiri wa kurudi nyuma hujengwa jikoni.

Ndiyo maana naangalia sana suala la chakula. Wageni wanapofika kambini wanakuta bisi, chai na maji ya moto ya kunawa. Hiyo ni kazi nzuri, na kampuni nyingi zinaijua. Kipimo kigumu zaidi ni kile kinacholiwa baadaye, giza likishaingia, kwenye hema la wagumu. Je, ugali umetosha? Kuna maharage, dagaa, au ni ugali na chai tu? Wanalala wangapi kwenye hema moja, na kijana yule wa kwanza ana koti la kutosha? Mjini Moshi kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi, unaojulikana kwa kifupi KPAP, ulioanza mwaka 2003, ambao huwaazima mavazi ya baridi na kufuatilia jinsi kampuni zinavyowatendea watu wao. Hata hivyo, kanuni haziwezi kuingia kwenye kila hema kila usiku. Anayeingia ni mkuu wa msafara, akiinamisha kichwa mlangoni, na kuuliza: "Wagumu, mmekula?" Wakijibu "Tumekula, mkuu," anatazama sufuria.

Yeye mwenyewe atakula baada ya hapo. Hakuna anayemlazimisha, na wala halitangazi jambo hilo. Hata fedha zinafuata adabu hiyohiyo. Mwisho wa safari wageni hutoa tipu, na hakuna kitu kinachochafua jina la kiongozi haraka kama bahasha iliyofunguliwa faraghani. Mkuu mwadilifu anaomba kiasi kitajwe mbele ya watu wote, cha mpishi, cha weita, cha mpagazi, ili kila mmoja arudi nyumbani akijua alichostahili na alichopata.

Mambo haya yote, mizani, mwendo, maswali, sahani, bahasha, ni sarafu zinazodondoshwa kwenye kibubu. Usiku wa kileleni ndio kibubu kinavunjwa.

Katika njia ya Machame, usiku huo huanzia kambi ya Barafu, mita 4,673. Watu huamshwa kabla ya saa sita usiku, wakapewa chai na biskuti, au uji kwa wanaouweza. Mkuu anakagua kila mtu kwa mkono wake: glovu, taa ya kichwani, chupa za maji zimepinduliwa ili barafu ikianza kuganda isizibe mdomo. Amekwisha kupanga nani ataandamana na nani. Msaidizi mpole anawekwa na mgeni mwenye hofu, na yule mcheshi anawekwa na anayekata tamaa upesi. Kila msaidizi ana watu wake wachache na anajua anaruhusiwa kuamua nini bila kuuliza. Jambo hili la mwisho ni la msingi. Giza na upepo vikiingia katikati ya kundi, hakuna nafasi ya kumngoja mkubwa atoe kibali. Msaidizi aliyezoeshwa kuamua kambini ataamua na huko. Aliyezoeshwa kuitikia tu ataganda.

Na jana yake, mchana, vichwa vikiwa bado vyepesi, walikaa wote kwenye hema la kulia chakula wakakubaliana juu ya dalili za kugeuka. Atakayepepesuka kama mlevi anashuka. Atakayehema akiwa amekaa anashuka. Atakayeanza kuchanganya maneno anashuka. Hakuna mjadala juu, kwa sababu mjadala umefanyika chini, na ubongo wenye njaa ya oksijeni si shahidi wa kuaminika katika kesi yake mwenyewe.

Watanzania nao wanapanda kwa wingi siku hizi, hasa kuelekea tarehe 9 Desemba, kukumbuka usiku ule wa 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipoweka Mwenge wa Uhuru kileleni. Hebu tuchukue msafara wa namna hiyo. Alfajiri, wamekaribia Stella Point, mita 5,756. Mmoja wa wapandaji, mwalimu aliyejiwekea akiba muda mrefu kwa ajili ya safari hii, ameanza kukanyaga upande. Mkuu anamsogelea, anamwomba atembee hatua chache kwa mstari, kisigino kikigusa kidole. Hawezi.

"Kaka, niache nifike," anasema. "Nakiona kilele pale."

"Dada, tulikubaliana jana. Unashuka, na unashuka na mtu ninayemwamini kuliko wote hapa."

Angalia jibu hilo lilivyopangwa. Hakumdharau, hakumtisha, hakumwambia kwamba ameshindwa. Alirejea makubaliano ambayo dada mwenyewe aliyatamka. Kisha akamkabidhi kwa msaidizi wake bora. Kiongozi mchanga hufanya kinyume: humbakiza msaidizi bora kwa wanaokwenda kileleni, akamtuma dhaifu na mgonjwa, kana kwamba anayeshuka amekwisha kutoka kwenye timu. Mkuu mzoefu anajua kuwa sasa hatari yote imehamia kwa yule anayeshuka, kwa hiyo nguvu kubwa inaelekezwa huko. Waliobaki wanaliona hilo. Wanapanda wakiwa na amani zaidi, maana wamejua ikiwa zamu yao itafika watatendewa vipi.

Naye dada atashuka, pengine akilia, lakini atashuka. Hatatii kwa sababu ya sare ya kampuni wala leseni ya hifadhi. Atatii kwa sababu mtu huyuhuyu ndiye aliyegundua siku ya pili kwamba hakula, akamletea supu nyingine bila kusema lolote mbele ya wenzake.

Wakuu wengi wa misafara hii walianza na mzigo kichwani. Walipanda cheo kwa miaka: mpagazi, weita, msaidizi, kisha wakasomea huduma ya kwanza, lugha na kanuni za hifadhi, wakapata leseni. Siku hizi wamo pia wanawake, ingawa bado ni wachache. Njia hiyo ndefu ina faida ambayo darasa peke yake haliwezi kuitoa: anayekutazama ukibeba aliwahi kubeba. Lakini kubeba hakumfanyi mtu kuwa kiongozi. Wapo waliopanda cheo wakasahau shingo iliyokuwa ikiwauma. Kinachotofautisha ni mazoezi ya makusudi. Mkuu mwema humwachia msaidizi wake kazi moja halisi kila safari: leo wewe utaendesha maswali ya jioni, kesho utagawa mizigo, keshokutwa utawaeleza wageni juu ya usiku wa kileleni. Yeye anakaa nyuma, anasikiliza, hamkatizi. Makosa anamweleza baadaye, wakiwa wawili, wakitembea.

Na wakishafika chini, geti la Mweka, miguu ikiwa na vumbi na kila mtu akiwaza kuoga, wapo wakuu wanaowakalisha watu wao dakika chache kabla ya magari kuondoka. Kipi kilikwenda vizuri? Kipi kitabadilika safari ijayo? Mpishi anasema gesi ilikuwa kidogo. Mpagazi anasema kambi ya tatu waliwekwa mbali na maji. Mkuu anaandika. Ni mkutano mdogo, usio na hotuba, na wengi huuruka kwa sababu safari imekwisha. Wanaoufanya ndio ambao safari yao ijayo huanza na gesi ya kutosha.

Mwalimu mkuu, muuguzi wa zamu, msimamizi wa kiwanda au mwenye duka la watu watatu hatahitaji chupa zilizopinduliwa. Atahitaji mengine yote: kugawa mzigo mbele ya macho ya watu, kwenda kwa pumzi za aliye dhaifu, kuuliza swali lisilojibika kwa salamu, kukaa mahali ambapo habari mbaya haiogopi kufika, kukubaliana juu ya uamuzi mgumu kabla ya siku yake. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kipaji. Yote yanahitaji kurudiwa, hasa siku ambazo hakuna hatari yoyote na kurudia kunachosha.

Wagumu wenyewe wana namna yao ya kupima matokeo. Mvua za masika hupunguza kazi mlimani, na Juni inapoingia simu zinaanza kupigwa Moshi, Machame na Marangu kutafuta watu. Mpagazi mzoefu, akiambiwa kuna safari, ataulizia njia, atauliza siku ni ngapi na malipo ni kiasi gani. Lakini swali lake la kwanza ni hili: "Mkuu ni nani?" Kuna majina akitajiwa atasema ana shughuli shambani. Na kuna majina ambayo, kabla mpigaji hajamaliza kuyatamka, ameshauliza gari linaondoka saa ngapi.